Uso Haukamiliki Siku ya Kuzaliwa: Niliyojifunza Nikiwa Mkunga

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa mtu wa kwanza kuuona uso wa mtoto, hata kabla ya mama yake. Nilianza nikiwa mkunga katika chumba cha kujifungulia, nikahamia kliniki ya watoto ambako kazi yangu ya kila siku ilikuwa kupima uzito, urefu na mzingo wa kichwa, na baadaye nikajiunga na timu inayowahudumia watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa. Kupita sehemu hizo tatu kulinipa bahati ambayo wahudumu wengi hawaipati, yaani kumwona mtoto siku anapozaliwa, kumpima anapokua, na kukutana naye tena akiwa kijana. Kilichonikaa zaidi ni kwamba uso na fuvu haviwezi kueleweka kwa kutazamwa mara moja. Kila sehemu ina wakati wake wa kuanza na wakati wake wa kukoma, na kabla ya kusema kwamba jambo fulani ni la kawaida au si la kawaida, ni lazima kwanza ujue mtoto yuko wapi katika ratiba hiyo.

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote ni la mama aliyejifungua mtoto mwenye mpasuko wa mdomo. "Sista, nilikosea wapi?" Wengine hutaja mzigo mzito waliobeba mwezi wa saba, wengine hutaja kuanguka, wengine hutaja ugomvi wa nyumbani. Ili kumjibu mama huyo kwa ukweli, ilinibidi nirudi kusoma kwa makini yale niliyopita juu juu chuoni, kwa sababu jibu lake liko katika majuma machache ya mwanzo kabisa wa mimba.

Uso hujengwa kati ya wiki ya nne na ya nane tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi ndiyo kwanza wanaanza kuhisi kwamba ni wajawazito. Kiinitete cha wiki ya nne ni cha milimita chache tu, na mahali pa uso pana shimo dogo ambalo litakuwa mdomo, likiwa limezungukwa na vinundu vitano: kimoja juu, kitakacholeta paji la uso na pua, viwili pembeni, vitakavyoleta mashavu na taya la juu, na viwili chini, vitakavyoleta taya la chini. Ndani ya vinundu hivyo kuna seli ambazo hazikuzaliwa hapo. Zimetoka kwenye kingo za mfereji wa neva, ule ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, zikasafiri hadi mbele ya kichwa, na huko zikawa chanzo cha sehemu kubwa ya mifupa na gegedu za uso. Mwanasayansi wa Uswisi, Wilhelm His, ndiye aliyezieleza kwanza, mwaka 1868, alipokuwa akichunguza kiinitete cha kuku.

Vinundu vya taya la chini huungana mapema. Juu kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu vishimo viwili vya pua hutokea mbalimbali, kisha kingo zake za ndani husogeleana hadi zikutane katikati na kushikana na vinundu vya taya la juu vinavyotoka pembeni. Kijifereji kilicho kati ya pua na mdomo wa juu wa kila mmoja wetu kimeachwa na maungano hayo. Wakati huohuo macho, yaliyoanzia pembeni mwa kichwa, huletwa mbele, na masikio, yaliyoanzia chini karibu na shingo, hupanda hadi usawa wa macho. Ndiyo sababu tunapomkagua mtoto mchanga tunaangalia pia masikio yamekaa wapi: sikio lililobaki chini linaweza kuwa dalili kwamba safari hiyo haikufika mwisho, na kwamba inafaa kumchunguza mtoto zaidi. Kingo za pua na taya la juu zisiposhikana katika wiki ya sita au ya saba, upande mmoja au pande zote mbili, mtoto huzaliwa na mpasuko wa mdomo. Kwa hiyo ule mzigo wa mwezi wa saba hauhusiki hata kidogo. Mdomo wa mtoto ulikuwa umeshaamuliwa miezi mitano kabla.

Kaakaa lina historia yake, na kwangu hii ndiyo sehemu inayostaajabisha kuliko zote. Bapa mbili za nyama hutoka ndani ya taya la juu, kulia na kushoto, lakini haziwezi kukutana kwa sababu ulimi umejaa katikati. Kwa hiyo hukua kwanza kuelekea chini, zikiwa zimesimama kila moja upande wake wa ulimi. Taya la chini linaporefuka kwenda mbele, ulimi hupata nafasi ya kushuka, na ndipo bapa zile huinuka, zikalala na kuungana kuanzia mbele kwenda nyuma, hadi karibu na wiki ya kumi na mbili kaakaa lote pamoja na kimio liwe limefungwa. Nilipoelewa jambo hili ndipo nilipoelewa pia watoto wanaozaliwa wakiwa na kidevu kidogo kilichorudi nyuma, mpasuko mpana wa kaakaa na shida ya kupumua wanapolazwa chali. Taya lilichelewa kukua, ulimi ukabaki juu, bapa hazikuweza kukutana, na baada ya kuzaliwa ulimi uleule hurudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi hupumua vizuri zaidi akilazwa kifudifudi au ubavu chini ya uangalizi wa karibu, na nimeshuhudia rangi ya midomo ikirudi kwa kumgeuza tu.

Sababu za mpasuko kwa kawaida ni mchanganyiko wa urithi na mazingira, na mara nyingi haiwezekani kuinyooshea kidole sababu moja. Hata hivyo yapo yanayojulikana kuongeza hatari: uvutaji wa sigara, baadhi ya dawa za kifafa, na isotretinoini, dawa ya chunusi kali ambayo huharibu zile seli zinazosafiri kutoka kwenye mfereji wa neva. Pombe ina alama zake, nazo ni kijifereji cha chini ya pua kuwa bapa, mdomo wa juu kuwa mwembamba, na nafasi ya jicho kuwa fupi. Mfereji wa neva wenyewe hufungwa mapema zaidi, takriban siku ya 28, na usipofungwa upande wa kichwa, ubongo haukui inavyopasa na kofia ya fuvu haijengeki. Ndiyo maana mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku hushauriwa kabla ya mimba kutungwa na katika wiki 12 za mwanzo. Anayeanza kuinywa katika mwezi wa tatu amekuta mlango huo umeshafungwa, ingawa vidonge bado vinamsaidia kwa mambo mengine. Haya nayasema waziwazi kwa yeyote anayepanga kupata mtoto, mwanamume akiwa kando yake akisikiliza.

Kwa upande wa ukaguzi, mpasuko wa mdomo huonekana mara moja, ila mpasuko wa kaakaa peke yake hujificha. Hata ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi ya 22, ambayo inaweza kuonyesha mdomo, mara nyingi hailioni kaakaa. Nilizoea kuvaa glovu, kukipitisha kidole kidogo taratibu juu ya ulimi, na kupapasa kuanzia nyuma ya ufizi hadi mwanzo wa koromeo, huku mtoto akinyonya kidole. Kidole, hata hivyo, hakitoshi. Unahitaji tochi na kibao cha kushushia ulimi, uone kaakaa laini likinyanyuka mtoto anapolia, uone kimio ni kimoja au kimegawanyika pacha, kwa sababu kimio kilichogawanyika huenda kikawa dalili ya mpasuko uliofunikwa na ngozi nyembamba, ambao mtu ataugundua mtoto akishaanza kusema kwa sauti inayotokea puani. Mama anaposema kwamba mtoto ananyonya muda mrefu hashibi na maziwa yanatokea puani, ni vema aaminiwe, na mdomo ufunguliwe tena.

Kuhusu kuzaliwa kwenyewe, wazazi wengi hushtushwa na umbo la kichwa. Fuvu la mtoto halijaungana. Kofia yake ni mifupa bapa iliyoota ndani ya utando, ikiwa imeachana kwa maungio laini, tofauti na sakafu ya fuvu ambayo kwanza huwa gegedu kisha hugeuka mfupa. Wakati wa uchungu mifupa hiyo hupandiana kingo kama vigae vya paa, kichwa kikapungua upana na kurefuka kwenda nyuma, na ndivyo kinavyopita katika nyonga ya mama. Kwa vidole unaweza kuusikia ukingo mmoja ukiwa juu ya mwingine. Baada ya siku chache mifupa hurudi mahali pake yenyewe, na hakuna haja ya kukikanda wala kukifunga kichwa.

Uvimbe ni jambo jingine, na ni vizuri kutofautisha aina mbili. Uvimbe laini wa maji chini ya ngozi, unaovuka mstari wa maungio, huisha kwa siku chache. Uvimbe wa damu uliokaa chini ya utando wa mfupa mmoja, usiovuka maungio, huonekana zaidi siku ya pili au ya tatu na unaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi. Huo hautobolewi wala kukandwa, ila mtoto huangaliwa asipate manjano, kwa kuwa damu hiyo inapovunjwavunjwa huongeza bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, mwilini. Jambo la tatu ambalo vitabu huligusa kwa sentensi moja, nami nimeliona kwa macho, ni ule mfupa wa nyuma ya sikio. Mtu mzima akipapasa nyuma ya ndewe ataukuta umetokeza. Mtoto mchanga hana. Hutokeza polepole katika miaka ya mwanzo, msuli wa shingo unapouvuta. Kwa kuwa haupo, neva inayosogeza misuli ya uso iko karibu sana na ngozi, na koleo la kuvutia mtoto linaweza kuibana. Mtoto akilia utaona mdomo umevutwa upande mmoja na jicho la upande wa pili halifumbi. Wengi wao hupona ndani ya wiki chache, na kazi yetu katika muda huo ni kulilinda lile jicho lisikauke.

Katika kliniki ya watoto nilikutana kila siku na utosi, yaani sehemu laini ambapo mifupa ya fuvu bado haijakutana. Mtoto mchanga ana tosi sita, ingawa watu wanazifahamu mbili: wa mbele, ambao una pembe nne, na wa nyuma, mdogo wa pembe tatu. Wa nyuma hufungwa ndani ya miezi miwili au mitatu hivi, wa mbele kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Wazazi huogopa kuugusa utosi wa mbele, wakidhani kidole kitaingia kwenye ubongo, lakini pale pana utando mgumu na ngozi, na kuugusa kwa upole hakuna madhara. Mdundo unaoonekana pale ni wa mishipa ya damu. Mtoto awe ametulia na ameketishwa wima, kwa sababu akilia au akilala utosi hujaa hata kama hana ugonjwa. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha au kutapika unaonyesha kwamba mwili umepungukiwa maji; utosi uliovimba na kukakamaa kwa mtoto mtulivu aliyeketi, hasa akiwa na homa, humpeleka hospitali saa hiyohiyo.

Utosi na maungio viko wazi kwa sababu ubongo bado unaongezeka kwa kasi. Mtoto huzaliwa na ubongo wa gramu 350 hadi 400 hivi, wakati wa mtu mzima ni kama gramu 1,300 hadi 1,400, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika miaka miwili ya kwanza. Kichwa kinachozaliwa na mzingo wa sentimita 34 au 35 hufikia kama sentimita 45 au 46 mtoto anapotimiza mwaka. Ubongo ndio unaosukuma, na mfupa mpya huongezwa kwenye kingo za maungio kuitikia msukumo huo. Kwa sababu hiyo tepu ya kupimia kichwa ni chombo chenye thamani kubwa kuliko kinavyoonekana. Iwe isiyovutika, ipite juu kidogo ya nyusi mbele, juu ya masikio, na kwenye sehemu iliyotokeza zaidi ya kisogo. Upime zaidi ya mara moja na kuandika kipimo kikubwa. Kisha nukta iwekwe kwenye chati, maana namba peke yake haisemi kitu. Namkumbuka mtoto aliyeletwa kwa chanjo, mchangamfu, ambaye kipimo chake chenyewe kilikuwa bado ndani ya mipaka ya kawaida, ila nukta zake zilikuwa zimevuka mistari miwili ya chati kwenda juu tangu ziara zilizotangulia. Nilimtazama upya nikaona mishipa ya kichwani imejitokeza na maungio yameachana. Alikuwa na maji kichwani, akafanyiwa upasuaji wa kuwekewa mrija unaopeleka maji hayo tumboni kabla macho yake hayajaanza kuelekea chini. Chati isingekuwa imejazwa kila ziara, hakuna ambaye angeshuku lolote siku ile.

Upande wa pili ni maungio kufungwa kabla ya wakati. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza mwaka 1851 kwamba ungio likifungwa mapema, fuvu hushindwa kukua kwa upande unaokatiza ungio hilo na badala yake hurefuka sambamba nalo. Ungio la katikati ya utosi, linalotoka mbele kwenda nyuma, likifungwa, kichwa huwa chembamba na kirefu. Nalo ndilo linaloongoza kwa kufungwa mapema. Ungio la paji la uso ni la pekee kwa kuwa lenyewe hufungwa kihalali ndani ya mwaka wa kwanza, wakati mengine hubaki yakiwa na nafasi hadi utu uzima. Tofauti na haya ni kisogo kilichobapa upande mmoja kwa sababu ya kulala. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto walazwe chali au ubavu badala ya kifudifudi, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua sana, ila visogo bapa vikaongezeka. Ukimtazama mtoto huyo kutoka juu utaona sikio la upande uliobapa limesogea mbele pamoja na paji la uso. Ushauri ni aendelee kulala chali, na anapokuwa macho awekwe kifudifudi akiangaliwa, huku kichwa kikigeuzwa upande huu na huu.

Uso hubaki nyuma ya fuvu kwa muda mrefu. Kwa mtoto mchanga uso ni kama sehemu moja ya nane ya ukubwa wa kichwa, wakati kwa mtu mzima hukaribia nusu. Paji ni pana, macho ni makubwa, kidevu ni kidogo, na mfupa wa taya la chini bado ni vipande viwili ambavyo huungana katika mwaka wa kwanza. Uso hurefuka kwa sababu vijumba vya hewa pembeni mwa pua hupanuka na meno hudai nafasi. Meno ishirini ya utotoni humalizika kuota karibu na miaka mitatu, gego la kwanza la kudumu huja karibu na miaka sita, na kila jino linaloota huja na mfupa wake wa kulishikilia. Taya la chini ndilo la mwisho kukoma, na kwa wavulana linaweza kuendelea kukua hadi karibu na miaka ishirini.

Ratiba hiyo ndiyo inayoongoza matibabu ya mpasuko. Mdomo hushonwa katika miezi ya mwanzo, mara nyingi kati ya mitatu na sita. Kaakaa karibu na mwaka mmoja, ili mtoto ajifunze kusema likiwa limefungwa. Na pengo la ufizi hujazwa mfupa, ambao kwa kawaida huchukuliwa nyongani, kabla chonge la kudumu halijashuka, yaani kati ya miaka minane na kumi na mmoja hivi. Wapo ambao taya lao la juu hubaki nyuma huku la chini likiendelea kwenda mbele, na hawa ndio wanaosubiri muda mrefu kuliko wote. Binti mmoja niliyemjua tangu anapolishwa kwa chupa maalumu alikuja akiwa na miaka kumi na mitano akitaka taya lake lisogezwe upesi, kwa sababu meno ya chini yalikuwa yamepita ya juu na wenzake walimsema. Daktari alimwambia, kwa heshima na bila kuficha, kwamba taya likisogezwa leo nalo la chini bado linakua, kazi itarudiwa. Alipigwa eksirei ya upande wa kichwa, na nyingine baada ya muda, na nyingine tena, huku fundi wa meno akiyapanga meno yake kwa waya. Picha mbili zilizofuatana zilipolinganishwa na taya la chini likaonekana halijaongezeka, daktari aliifungua kalenda, akamuuliza mitihani yake inaisha lini.